Ukoko wa Mitambo ya Gesi Unaanzia Mlangoni

Vijana wa Mwanza wanaokwenda kusini kufanya kazi kwenye mitambo ya kusafisha gesi asilia wanaondoka na ufundi wa kutosha, ila wengi wao hawajawahi kuuona ukoko kwa macho, lile gamba gumu ambalo maji huliacha ndani ya chuma. Wanajua kufungua pampu na kuirudisha, wanajua kusoma mchoro wa mabomba, wengine wanachomelea vizuri kuliko waliowakuta kazini. Halafu siku moja inafunguliwa valvu ambayo tundu lake limebaki upana wa kidole, pembeni kote kumejaa kitu cheupe, kigumu, kinachogoma hata kwa nyundo, na kijana anauliza nani amemwaga saruji humu ndani.

Sababu ya kutoujua ukoko ni ziwa letu. Maji ya Ziwa Victoria ni laini sana. Kalsiamu iliyomo ni miligramu chache tu kwa lita. Maji hayo ndiyo yanayovutwa Capri Point na Butimba, yakasafishwa, yakaingia mabombani, yakafika kwenye mabirika ya Kirumba, Mabatini na Igoma. Unaweza kuchemshia chai humo miaka na miaka, birika likachakaa nje kwa moshi, ndani likabaki chuma kitupu. Nenda kwa ndugu wanaotumia kisima kirefu chenye maji magumu, utakuta birika lao limevaa gamba jeupe ndani. Likamulie ndimu, linatoa povu. Gamba hilo ni kalsiamu kaboneti, chokaa kwa jina la kila siku, na povu ni hewa ya kaboni inayotoka wakati asidi inalila. Kwenye mtambo wa gesi ni chokaa hiyohiyo, isipokuwa huko inajishika ndani ya chuma cha mamilioni na hakuna anayeiona mpaka mtambo usimame.

Tunachokijua vizuri sisi wa ziwani ni kuziba kwa takataka. Mzee aliyenifundisha kazi ya boila, katika kiwanda kimoja cha ufukweni upande wa Igogo, alikuwa anaanza zamu kwenye chujio la maji yanayoingia kutoka ziwani. Boila lenyewe alilifikia baadaye. Majira ya mwani chujio lilitoka limejaa utelezi wa kijani. Magugu maji yakisogezwa na upepo, lilitoka na mizizi na matope meusi. Asubuhi moja nikampa shikamoo akiwa mkono mzima umezama ndani ya chujio. "Marahaba, mwanangu. Njoo uone boila linakoharibikia." Akanionyesha wavu uliochanika, tundu la kupitisha kidole gumba, na kunieleza mabomba gani ndani yangeziba wiki ile kama asingeliona.

Ninaloshikilia kuhusu gesi ni hilohilo. Ukoko na kuziba kwenye mtambo wa gesi huanzia kwenye maji na uchafu ulioachwa upite mlangoni. Kemikali za kuzuia ukoko zina kazi yake, asidi ya kusafishia ina kazi yake, lakini kiwanda kinachoagiza mapipa ya kemikali huku chombo chake cha kwanza cha kutenganisha maji kimechoka kinatupa fedha. Nimeona bajeti za namna hiyo zikipita kirahisi, kwa sababu pipa la kemikali linaonekana stoo, na wavu ulioziba ndani ya chombo kilichofungwa hauonekani.

Gesi yetu ni gesi nzuri. Ya Songo Songo iligunduliwa 1974 na ikaanza kuzalisha umeme Dar es Salaam 2004. Ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, na bomba kubwa la inchi 36 kutoka Mtwara lilikamilika 2015. Karibu yote ni methani, na salfa yenye sumu ni kidogo mno, kwa hiyo hatubebi ule mzigo wa kuondoa salfa unaowatesa wenzetu wa nchi nyingine. Kazi yetu kubwa ni maji. Umeme wa gesi hiyo unaingia kwenye gridi na kufika mpaka huku ziwani, ndiyo maana sikubali kuambiwa kwamba habari hizi hazimhusu mtu wa Mwanza.

Gesi ikitoka kwenye mwamba huwa imeshiba mvuke wa maji. Inapopanda kisimani inapoa, na sehemu ya mvuke inageuka matone. Maji haya ya mvuke hayana chumvi ya maana. Yanaleta kutu na matatizo mengine nitakayoyafikia, lakini ukoko hayaachi. Miaka inavyokwenda, presha ya mwamba inashuka na maji ya chini yanaanza kupanda yenyewe pamoja na gesi. Hayo ni maji yaliyokaa na mwamba tangu zamani za zamani. Yamebeba chumvi ya kawaida, kalsiamu na bikaboneti, na mahali pengine metali za bariamu na strontiamu. Yakishaanza kuingia mtamboni, kila hesabu ya awali inabadilika, na kwa macho bado ni maji tu.

Kinachoyaumbua ni kloraidi, sehemu ya chumvi iliyoyeyuka majini. Chukua sampuli ya maji ya kila kisima cha gesi, ipime maabara, andika, rudia kwa ratiba isiyorukwa. Kisima kilichokuwa kikitoa kloraidi ya makumi ya miligramu kwa lita kikianza kutoa mamia, halafu maelfu, maji ya mwamba yamefika. Kipimo ni rahisi na cha bei ndogo. Ningeambiwa nichague kipimo kimoja tu cha kumpa mhandisi anayeanza kazi, ningempa hicho, kwa sababu kinatoa taarifa miezi kadhaa kabla ya ukoko wa kwanza kushika.

Sasa mlango wenyewe. Chombo cha kwanza mafundi wanakiita seperata. Gesi inaingia kwa kasi, inagonga bamba, inafika kwenye nafasi pana na kupunguza mwendo. Maji yanaanguka chini, gesi inapanda juu. Matone madogo yanayobebwa na gesi yanakutana na wavu wa waya mwembamba uliosokotwa, wenye unene wa sentimita 10 hadi 15. Yanagonga waya, yanaungana, yanakuwa mazito, yanadondoka. Wavu usiochanika unakamata matone madogo kufikia mikroni 10 hivi, yaani sehemu 10 za elfu za milimita. Yaliyo madogo zaidi yanahitaji chujio la pili la nyuzi laini mbele yake.

Wavu huu una mwendo wake. Gesi ikipita polepole mno, matone mepesi yanafuata mkondo na kuzizunguka nyaya bila kuzigusa. Ikipita kwa kasi mno, hata maji yaliyokwisha kukamatwa yanapeperushwa tena juu. Hapa ndipo ninapogombana na watu wa uzalishaji. Mtambo umejengwa kwa kiasi fulani cha gesi, umeme unahitajika, wanaunganisha kisima kingine na seperata ni ileile. Kwenye karatasi gesi imeongezeka. Kwenye mnara wa mbele, ule wa kukaushia gesi, kinachofika ni gesi pamoja na ukungu wa maji ya chumvi, na ukungu huo hauonekani kwenye geji yoyote.

Kuna jambo jingine la seperata ambalo nataka nilieleze kwa kirefu, kwa sababu limewahi kuleta hasara kubwa katika mtambo mmoja niliokuwa na jamaa wanaofanya kazi humo. Kiasi cha maji chini ya chombo kinasomwa kwenye kioo cha pembeni, kilichounganishwa na chombo kwa vibomba viwili vyembamba, kimoja juu na kimoja chini. Tope la mchanga na kutu likijaa kibomba cha chini, maji yaliyomo kwenye kioo yanabaki palepale. Nje kioo kinaonyesha nusu. Ndani maji yanapanda mpaka kwenye wavu na kumwagikia mbele. Kwenye daftari la zamu iliandikwa nusu, zamu iliyofuata nusu, usiku nusu, kesho yake nusu, mikono tofauti na namba moja. Hakuna aliyejiuliza imekuwaje kioo cha chombo kinachofanya kazi kisitikisike hata kidogo. Maji kwenye seperata hai yanachezacheza. Yanapanda, valvu inafunguka, yanashuka. Kioo kilichotulia kabisa ni kioo kilichoziba, na dawa yake ni kukipuliza kwa utaratibu kila zamu, ukitazama maji yanarudi kwa haraka kiasi gani. Yakirudi kwa uvivu, kibomba kimeanza kuziba.

Yakishapita hapo, maji ya chumvi yanakwenda kwenye glaikoli. Gesi inapanda ndani ya mnara, trietilini glaikoli inashuka. Hiki ni kimiminika kizito kinachonyonya mvuke wa maji. Gesi inatoka juu ikiwa kavu, glaikoli iliyolowa inapelekwa kwenye boila lake, inachemshwa mpaka nyuzi 204 hivi za selsiasi, maji yanatoka kama mvuke, na glaikoli inarudi mnarani ikiwa safi kwa asilimia 98 na ushee. Inazunguka hivyo usiku na mchana, ileile.

Chumvi haitoki na mvuke. Kila tone la maji ya mwamba lililoponyoka linaacha chumvi yake ndani ya glaikoli, na inajikusanya. Glaikoli yenye maji inayeyusha chumvi nyingi. Glaikoli moto iliyokauka inayeyusha kidogo. Kwa hiyo chumvi inajitenga palepale ambapo glaikoli ni moto zaidi na kavu zaidi, yaani juu ya bomba la moto ndani ya boila. Inashika, inajenga tabaka, joto linashindwa kupita kwenda kwenye glaikoli, chuma kinabaki na moto wake. Glaikoli inayogusa sehemu hiyo inaungua, maana trietilini glaikoli huanza kuvunjika ikipita nyuzi 206 hivi, na boila linafanya kazi karibu kabisa na mpaka huo. Ikivunjika inazaa asidi. Asidi inakula chuma, chuma kinatoa kutu, kutu na mabaki ya glaikoli iliyoungua vinachanganyika kuwa tope jeusi, tope linaziba vichujio, pampu na sahani za mnara. Ukifungua mtambo siku hiyo utaona tope kila mahali, na ni rahisi kulaumu glaikoli mbovu au muuzaji. Mzizi uko nyuma, kwenye kile kioo kilichoandikwa nusu.

Kijana mmoja wa Nyakato aliyekuwa mafunzoni aliniuliza, "Kaka, mbona chujio la glaikoli tunalibadilisha kila mara na tope haliishi?" Swali zuri sana. Chujio linaondoa tope lililokwisha kuzaliwa. Nikamwambia apime vitu vitatu kwenye glaikoli: uchachu, chumvi na chuma. Kipimo cha uchachu, yaani pH, kikae kati ya 7 na 8.5; kikishuka chini ya hapo asidi inazaliwa, kikipanda mno glaikoli inaanza kutoa povu. Chumvi isiachwe ifike asilimia 1 ya uzito. Mimi huanza kusumbua watu ikifika nusu ya hapo, kwa kuwa safari ya kutoka nusu kwenda moja inaweza kuwa fupi kuliko muda wa kuagiza glaikoli mpya na kuisafirisha. Pua nayo inasaidia: glaikoli iliyoungua ina harufu tamu ambayo ukiinusa mara moja huisahau.

Chokaa ina tabia nyingine. Kalsiamu na bikaboneti hukaa pamoja kwenye maji kwa amani maadamu hewa ya kaboni imo ndani ya maji hayo. Presha ikishushwa ghafla, hewa ya kaboni inatoka; ikitoka, kalsiamu kaboneti inaganda. Joto likipanda, inaganda vilevile. Kwa hiyo huhitaji kubahatisha chokaa itashika wapi. Itafute kwenye valvu ya kupunguza presha, kwenye bomba la maji yanayotoka chini ya seperata, na kwenye mabomba ya kupashia moto. Chokaa inapitisha joto kidogo sana ikilinganishwa na chuma, tofauti ya zaidi ya mara kumi, hivyo hata tabaka la milimita moja kwenye bomba la kupashia utaliona kwenye mafuta unayochoma.

Hapa ndipo kemikali zina haki yake. Dawa za jamii ya fosfoneti na polima za akriliki hufanya kazi kwa kiasi kidogo, miligramu chache kwa lita, kwa kujishika kwenye fuwele changa za chokaa, zile chembe zinazoanza kuganda, na kuzivuruga zisikue. Sharti lake ni moja, ziingie kabla ya mahali presha inaposhuka. Dawa inayoingizwa baada ya valvu haina wa kumtibu, fuwele zimeshakua. Na usiamini mlio wa pampu ya dawa. Pampu inaweza kulia vizuri kabisa huku imenasa hewa na haisukumi hata tone. Ile mirija ya kioo ya kupimia iliyowekwa pembeni ya pampu iliwekwa kwa kazi hiyo: funga tangi, acha pampu ivute kutoka kwenye mrija, tazama dawa inashuka kiasi gani kwa dakika. Wanaokuja na vifaa vya sumaku vya kufunga nje ya bomba, wakidai vinafukuza ukoko, sijawahi kuwashauri watu wangu wanunue.

Haidreti nizitaje pia, kwa vile watu wengi wakisikia bomba la gesi limeziba kwa kitu cheupe wanadhani ni ukoko. Haidreti ni maji na methani vilivyoshikana vikawa kama barafu, na hutokea juu ya nyuzi sifuri: kwenye presha ya bar 70, karibu mara 70 ya presha ya hewa ya kawaida, methani tupu huziunda hata karibu na nyuzi 10. Mwaka 1934 Mmarekani Hammerschmidt ndiye aliyeonyesha kwamba ndizo zilizokuwa zikiziba mabomba ya gesi huko kwao. Gesi ikipita kwenye valvu na kushuka presha inapoa yenyewe, kwa hiyo valvu ileile inayokusanya chokaa inaweza kushikwa na haidreti. Kinga yake ni kukausha gesi, kuipasha moto kabla ya valvu, au kuingiza methanoli au glaikoli. Na ikishaziba, kuna kosa linaloua: kushusha presha ya upande mmoja tu wa kizibo. Kizibo kikiachia, presha ya upande wa pili inakirusha ndani ya bomba kwa kasi ya kutoboa kona. Shusha pande zote mbili kwa pamoja, taratibu, na subiri. Kusubiri huko kunaweza kuchukua siku nyingi, na meneja atapiga simu nyingi. Subiri.

Geji mbili, moja kabla ya chombo na moja baada yake, zinatosha kukuambia kama chombo kinaziba, mradi mtu achore namba zake. Presha inayopotea kwenye chujio au mnara ikichorwa kila siku pamoja na kiasi cha gesi inayopita, mstari wake unapanda polepole kwa uchafu wa kawaida, unaruka kwa haidreti, na unapanda na kushuka kwa povu. Namba moja iliyoandikwa peke yake daftarini haisemi lolote kati ya hayo.

Ukoko ukishashika, kwanza ujue ni ukoko gani. Kipande kinachoyeyuka kwenye maji ya kawaida ni chumvi, na maji safi ya moto yatauondoa wote bila asidi. Kinachotoa povu kwenye asidi bila harufu ni kaboneti. Kisichojali maji wala asidi huenda ni mchanga au bariamu salfeti, na huo wa bariamu mara nyingi hauna njia ila kukwanguliwa kwa nguvu ya maji au chuma. Asidi ya haidrokloriki isiguse chuma cha pua kabisa. Kloraidi yake hupasua chuma hicho. Na kipande cheusi kisijaribiwe asidi nje ya maabara yenye kabati la kuvutia hewa, kwani salfaidi ya chuma ikikutana na asidi hutoa haidrojeni salfaidi, gesi inayoua kabla hujamaliza kuita mwenzako. Hata hapa kwetu ambako salfa kwenye gesi ni kidogo, bakteria kwenye maji yaliyotuama chini ya chombo wanaweza kuizalisha.

Salfaidi hiyo ya chuma ina hatari ya pili. Ikikauka na kukutana na hewa inajiwasha yenyewe. Chombo kikifunguliwa, tope lake lilowanishwe muda wote, litiwe kwenye mapipa yenye maji na mfuniko, likabidhiwe kwa aliyesajiliwa kushughulikia taka hatarishi. Ukoko wa bariamu na strontiamu nao usikwanguliwe ukiwa mkavu bila barakoa sahihi, maana huweza kubeba radiamu, metali yenye mionzi, iliyotoka kwenye mwamba pamoja na maji. Mabomba yenye ukoko wa aina hiyo yapimwe mionzi kabla hayajakatwa, na mwenye mamlaka ya jambo hilo nchini ni Tume ya Nguvu za Atomiki. Bomba kuukuu la mtambo wa gesi lisiende kwa wauza vyuma chakavu kabla ya kipimo hicho.